Tikopia na kimbunga Zoe: kwa nini hakufa mtu

Jumamosi, tarehe 28 Desemba 2002, kimbunga Zoe kiliipiga Tikopia kikiwa kwenye kilele cha nguvu zake. Wataalamu wa hali ya hewa wa Fiji, ambao ndio wanaofuatilia vimbunga vya eneo lile, walikadiria upepo wa kilomita 240 kwa saa, na mgandamizo wa hewa katikati ya kimbunga ukiwa umeshuka hadi hektopaskali 890. Pasifiki ya Kusini ilikuwa haijawahi kuandikiwa kimbunga kikali kama hicho, na rekodi hiyo ilisimama mpaka kimbunga Winston cha mwaka 2016. Kilichozidisha ubaya ni mwendo wake. Badala ya kupiga na kupita, Zoe ilipunguza kasi ikajizungusha jirani na kisiwa, kwa hiyo watu walikaa ndani ya upepo kwa muda mrefu kuliko kawaida ya vimbunga.

Kisha kukawa kimya. Tikopia haina uwanja wa ndege wala bandari, na redio haikujibu. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 5 hivi, chenye watu zaidi ya 1,000, kilichoko pembe ya mashariki kabisa ya nchi ya Visiwa vya Solomon, safari ya siku kadhaa kwa meli kutoka mji mkuu wa Honiara. Siku zilivyopita bila habari, magazeti na televisheni za nje zilianza kuzungumza juu ya maafa makubwa, na baadhi yake yakawa yanawaombolezea watu ambao hakuna aliyejua kama wamekufa. Ndege ya jeshi la anga la Australia iliyopita juu mwanzoni mwa Januari ilileta picha za milima iliyogeuka rangi ya udongo, miti imevuliwa majani yote, na pwani iliyofagiliwa.

Wageni wa kwanza walipofika kwa helikopta, na baadaye kwa mashua ya polisi, walikuta nyumba zimeanguka, mashamba yameungua kwa chumvi ya bahari, na vijiji vya upande wa Ravenga vimezolewa na mawimbi. Lakini watu walikuwa hai, wote. Tikopia haikuzika mtu hata mmoja kwa sababu ya Zoe, na jirani yake Anuta, kisiwa kidogo zaidi kilicho kilomita zaidi ya 100 kutoka hapo, nacho hakikupoteza mtu.

Habari hiyo ilipokelewa kama muujiza. Mimi naamini ilikuwa na sababu, sababu zenyewe zinaweza kufuatiliwa moja baada ya nyingine, na nyingi zilikuwepo karne nyingi kabla Zoe haijapewa jina.

Kisiwa na watu wake

Tikopia ni kilele cha volkano ya kale. Mlima Reani unainuka mita 380 hivi juu ya bahari, na kreta ya zamani ni ziwa linaloitwa Te Roto. Upande mmoja ziwa limekumbatiwa na mlima. Upande wa pili lilitenganishwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Nitaurudia ukanda huu, maana ndiko kimbunga kilikoacha jeraha ambalo watu hawakuweza kulitibu peke yao.

Kwenye ramani, Tikopia imezungukwa na visiwa vya Wamelanesia, lakini watu wake ni Wapolinesia kwa lugha na kwa nasaba, ndugu wa Wasamoa na Watonga. Wachimbuzi wa mambo ya kale Patrick Kirch na Douglas Yen, waliofanya kazi kisiwani miaka ya 1977 na 1978, walipata ushahidi wa makazi ya karibu miaka 3,000. Wapolinesia walikuja baadaye kwa mafungu mafungu, na hata leo ukoo mmojawapo, wa Taumako, unajihesabu kuwa na mhenga aliyetoka Tonga.

Neno "kisiwa cha mwisho wa dunia" linatumika sana kwa kisiwa hiki, na ningependa tulipunguze. Mabaharia wa Kihispania chini ya Pedro Fernandes de Queirós walikiona mwaka 1606. Mwaka 1826 nahodha Peter Dillon alipopita Tikopia alikuta mikononi mwa watu kipande cha upanga wa fedha na vitu vingine vya Kizungu. Aliambiwa vimetoka kisiwa cha Vanikoro, ambako watu wa Tikopia walikuwa wakisafiri kwa mitumbwi yao. Mwaka uliofuata Dillon alikwenda Vanikoro na ndipo ulimwengu ukajua zilikozama meli za Mfaransa La Pérouse, zilizopotea tangu 1788. Yaani fumbo lililoshinda serikali ya Ufaransa kwa karibu miaka 40, watu wa Tikopia walikuwa na jibu lake nyumbani. Mitumbwi hiyo ina tengo, ubao wa pembeni unaozuia chombo kisipinduke, upande mmoja. Msomaji wa Mafia au Unguja ataitambua mara moja kuwa ni ndugu wa ngalawa, na undugu huo ni wa kweli, kwa kuwa ufundi wa matengo uliletwa Bahari ya Hindi na mabaharia waliotoka kusini-mashariki mwa Asia, kulikotoka pia wahenga wa Wapolinesia.

Siku yenyewe

Upepo ulipoanza kuzidi, watu walifanya jambo ambalo kila kizazi kisiwani kililifanya kabla yao: walihama kutoka pwani na kupanda. Chini ya miamba iliyojitokeza ubavuni mwa mlima na ndani ya mapango kuna hifadhi ambazo kila mtu anazijua tangu utotoni. Nyumba iliyoanza kuyumba iliachwa mapema, watu wakahamia iliyo imara zaidi, na hiyo nayo ikianza kulegea wakaelekea mwambani.

Nyumba za Tikopia zenyewe zinafaa kutazamwa kwa karibu. Paa la makuti linashuka karibu ligusane na ardhi, na mlango ni mfupi mno, huwezi kuingia ila kwa kutambaa kwa mikono na magoti. Mgeni hudhani ni umaskini. Lakini paa la namna hiyo halimpi upepo mahali pa kushika, na nyumba ikianguka, kinachoanguka ni makuti na miti myepesi, si tofali wala mabati. Katika kimbunga cha nguvu ya Zoe, bati linaloruka ni panga. Nyumba nyingi zilianguka siku hiyo, na hazikuua.

Tena hakuna aliyesubiri kuambiwa. Hapakuwa na gari la matangazo, hapakuwa na ofisi ya maafa. Kulikuwa na wazee waliokumbuka vimbunga vya 1952 na 1953, na watoto waliokua wakisikia habari zake. Nadhani hapa ndipo tunapokosea tunapopanga tahadhari za maafa kana kwamba ni suala la ujumbe kufika kwenye simu. Ujumbe unafika. Swali ni kama anayeupokea anajua mahali pa kukimbilia, na kama anaona si aibu kuiacha nyumba yake mapema.

Chakula cha mwaka mbaya

Kunusurika siku ya kimbunga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni miezi inayofuata, mashelisheli yakiwa yamepukutika, minazi imekatika vichwa, na majani ya magimbi yameungua. Kimbunga kinaweza kuua kwa njaa kama kwa upepo, na kwenye kisiwa ambacho meli haijulikani itakuja lini, njaa hiyo haina pa kukimbilia.

Tikopia ilikuwa na masi. Shelisheli, ndizi au magimbi huvunwa wakati wa neema, humenywa, kisha hufukiwa kwenye shimo lililotandikwa majani na kufunikwa vizuri. Humo chakula huchachuka na kugeuka donge chachu linaloweza kukaa miaka. Likichimbuliwa huchanganywa na chakula kibichi au tui la nazi na kuokwa. Harufu yake ni kali na wageni wengi hawaipendi, lakini shimo la masi ndilo ghala la pekee ambalo kimbunga hakiwezi kulibomoa, kwa kuwa liko chini ya ardhi. Familia yenye masi shimoni inaweza kusubiri.

Juu ya ardhi nako kuna akili. Ukipita kisiwani unadhani uko msituni, kumbe uko shambani. Minazi, mishelisheli, misago ambayo kiini cha shina lake hutoa unga, na miti ya njugu huunda paa la juu. Chini yake kuna viazi vikuu, magimbi na migomba. Kila mti una mwenyewe. Shamba la tabaka nyingi namna hii linapigwa na upepo, ndiyo, lakini halipotei lote. Viazi vikuu viko ardhini. Shina la msago lililoanguka bado lina unga ndani yake. Na mizizi ya miti mingi inashikilia udongo wa mlimani usiporomoke na mvua.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo, na hili ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Mabaki aliyoyachimbua Kirch na mwenzake yanaonyesha kwamba walowezi wa kwanza waliila Tikopia kama mtu anayekula mtaji: waliwamaliza ndege wengi, wakapunguza sana kasa na chaza, wakachoma miteremko ili kulima. Baadaye ndipo moto ukaachwa na bustani za miti zikaenea. Na ilipokaribia mwaka 1600 hivi, nguruwe, ambao walikuwa sehemu kubwa ya nyama ya kisiwani, wakatoweka kabisa kwenye mabaki. Masimulizi ya wenyewe yanaeleza sababu: nguruwe walikuwa wanaharibu mashamba. Kwa Wapolinesia nguruwe ni sherehe, ni mahari, ni heshima ya chifu. Kuamua kuwaondoa wote, kisiwa kizima, na kushikilia uamuzi huo kizazi baada ya kizazi, ni jambo ambalo serikali zenye majeshi na mahakama zingelishindwa.

Neno la ariki

Tikopia ina koo nne: Kafika, Tafua, Taumako na Fangarere. Kila ukoo una chifu wake, anayeitwa ariki, na Ariki Kafika ndiye wa kwanza kati yao. Mwanaanthropolojia Raymond Firth, aliyeishi kisiwani mwaka 1928 na 1929 na kurudi tena baadaye, ameandika kwa undani heshima wanayopewa. Mtu wa kawaida haonekani amesimama wima mbele ya ariki aliyeketi. Anasogea kwa kutambaa, na katika salamu ya heshima kuu hugusisha pua yake kwenye goti la chifu. Enzi za dini ya zamani ariki ndiye aliyewaombea watu mbele ya miungu na mizimu ya wahenga ili mashelisheli yazae na samaki waje. Kanisa la Anglikana lilianza kuchukua nafasi hiyo Ariki Tafua alipobatizwa miaka ya 1920, na baada ya maradhi ya mlipuko ya mwaka 1955 yaliyoua watu wengi, machifu waliobaki nao wakaingia ukristo. Ibada za kale zikaisha. Mamlaka ya ariki hayakuisha.

Mamlaka hayo yana kazi inayoshikika. Ariki anaweza kuweka mwiko juu ya nazi za eneo fulani ili zisivunwe mpaka mbegu zitoshe, au juu ya sehemu ya mwamba wa bahari ili samaki wapumzike. Chini yake kuna maru, watu wa karibu na nyumba ya chifu, ambao kazi yao ni kupeleka neno lake na kutuliza ugomvi. Baada ya kimbunga, wakati kila familia ina njaa na mpaka wa shamba haujulikani kwa sababu miti imeanguka, kisiwa kinahitaji mtu wa kusema "nazi hizi haziguswi" na akatiiwa bila bunduki.

Sitaki kuipamba Tikopia. Utaratibu huu huu ulikuwa na upande mchungu. Firth alielezwa waziwazi namna kisiwa kilivyojizuia kisijae watu: wadogo katika familia walihimizwa wasioe, wenye ndoa walijizuia kuzaa, mimba zilitolewa, na mara nyingine mtoto mchanga aliyeonekana kuzidi chakula cha nyumba aliachwa afe. Vijana walichukua mitumbwi na kwenda baharini safari ambazo wengi hawakurudi. Masimulizi yanataja pia vita vya ardhi ambamo watu wa Nga Ravenga waliangamizwa, na watu wa Nga Faea wakasukumwa baharini na mitumbwi yao, machifu, wanawake na watoto, wasionekane tena. Waandishi wa nje wanaopenda kuitaja Tikopia kama mfano wa jamii inayoishi kwa kipimo, mara nyingi hulipita jambo hili kwa sentensi moja. Kipimo hicho kililipiwa na watu, na wenyewe Watikopia hawakulificha.

Mwaka 1952, kisiwa kilekile

Njia nzuri ya kuupima utulivu wa 2002 ni kuulinganisha na kimbunga cha Januari 1952. Kisiwa kilikuwa kilekile, koo zilezile nne, masi ileile shimoni. Firth na mwenzake James Spillius walifika miezi michache baada ya kimbunga hicho wakaishuhudia njaa kwa macho yao.

Mwanzoni watu walikula masi na mabaki ya mashamba. Kufikia mwisho wa mwaka akiba ilikuwa imekwisha na wizi wa mashambani ukaenea, hata kwa watu ambao mwaka wa neema wasingechukua nazi ya jirani. Wenye mashamba wakalala bustanini kulinda. Firth aliona jambo moja la ajabu na lenye uchungu: adabu haikuvunjika ingawa uaminifu ulivunjika. Mgeni akiingia ndani wakati wa chakula aliendelea kukaribishwa kama desturi ilivyotaka, lakini familia zilijifunza kuficha chakula kabla mgeni hajafika. Sherehe na matanga vilifupishwa kwa kuwa hapakuwa na cha kugawa. Machifu na maru wakawa wanazunguka, wanahimiza watu wapande mazao yanayokomaa upesi, wanaonya wezi, wanaitisha mikutano. Machi 1953 kimbunga cha pili kikapiga. Serikali ya Uingereza iliyotawala Solomon ilileta mchele, na sioni namna kisiwa kingeliepuka vifo vingi bila mchele ule.

Tofauti iko wapi? Naiona kwenye hesabu ya watu. Mwaka 1929 Firth aliwahesabu watu 1,280 hivi. Mwaka 1952 walikuwa takriban 1,750. Wamisionari na serikali walikuwa wamepiga marufuku njia za zamani za kuzuia uzazi na safari za baharini za vijana, na jambo hilo kwa ubinadamu lilikuwa sawa, lakini hakuna aliyefikiria watu wa ziada watakula nini mwaka wa dhiki. Kisiwa kilikuwa kimebana hadi mwisho kimbunga kilipokuja.

Baada ya njaa hiyo, mlango mwingine ulifunguliwa. Vijana walianza kwenda kwa mamia kwenye mashamba ya minazi ya visiwa vya Russell, na huko wakaanzisha kijiji cha Nukufero. Wengine walihamia Makira, Santa Cruz na Honiara. Kwa hiyo Zoe ilipofika mwaka 2002, idadi ya watu kisiwani ilikuwa imerudi karibu na ile ya 1929, na Watikopia wengi walikuwa wakiishi nje. Mashimo ya masi yalikuwa na midomo michache ya kulisha. Na Honiara kulikuwa na ndugu waliokuwa wakiulizia habari za watu wao kila siku, jambo ambalo 1952 halikuwepo.

Ukisema Watikopia walinusurika Zoe kwa hekima ya kale peke yake, umesema nusu. Hekima ya kale ndiyo iliyowapeleka mwambani na kuwapa masi. Kilichowapa muda wa kuvuta pumzi ni uhamaji wa miaka 50.

Meli isiyoondoka

Msaada ulichelewa, na kuchelewa kwenyewe kuna sababu. Mwaka 2002 nchi ya Solomon ilikuwa taabani. Mapigano ya kikabila yaliyoanza 1998 yalikuwa yameifilisi serikali, mishahara hailipwi, polisi wamegawanyika. Mashua ya doria iliyotakiwa kwenda Tikopia ilikaa bandarini Honiara kwa siku kadhaa kwa kukosa fedha za mafuta na kwa madai ya malipo ya mabaharia, mpaka Australia ikasaidia gharama. Ilifika zaidi ya wiki moja baada ya kimbunga. Miezi saba baadaye, Julai 2003, askari wa nchi za Pasifiki wakiongozwa na Australia waliingia nchini kurudisha utulivu.

Kama Tikopia ingekuwa na majeruhi wengi, kuchelewa huko kungewaua. Hilo halikutokea, na furaha ya kukuta watu wakiwa hai ikafunika swali ambalo lilistahili kuulizwa kwa nguvu: inakuwaje watu zaidi ya 1,000 wapigwe na kimbunga cha rekodi, na nchi yao ishindwe kuwafikia kwa wiki nzima? Sifa walizomwagiwa kwa ustahimilivu wao zilikuwa njia rahisi ya kutolijibu. Mtu akisifiwa kuwa anastahimili, ni rahisi kumwacha aendelee kustahimili.

Te Roto

Jeraha lililobaki lilikuwa ziwani. Mawimbi ya Zoe yaliukata ule ukanda wa mchanga kati ya Te Roto na bahari, na maji ya chumvi yakaingia.

Kwa mgeni ziwa kuwa na chumvi linaweza kuonekana jambo dogo mbele ya nyumba zilizoanguka. Kwa Mtikopia ni kinyume. Nyumba inajengwa upya kwa miezi. Kandokando ya ziwa ndiko ilikokuwa misago, na msago ni akiba ya pili baada ya masi, tena ndio unaotoa makuti bora ya kuezekea. Chumvi ikiingia kwenye mizizi mti unakufa. Samaki wa ziwani waliozoea maji yale nao wakawa hatarini. Kwa maneno mengine, kimbunga kilitia mkono ndani ya akiba ya kimbunga kijacho.

Kuna historia nyuma yake. Te Roto haikuwa ziwa siku zote. Uchimbuzi ulionyesha kwamba walowezi wa kwanza walikuta ghuba iliyo wazi kwa bahari, na waliokota chaza na kuvua humo. Mchanga ulijikusanya pole pole, mlango ukafunga, ghuba ikawa ziwa, na chakula kile cha pwani kikapotea. Mabadiliko hayo yalikuwa miongoni mwa yaliyowasukuma watu kutegemea zaidi bustani za miti, na kwa dhiki ya ardhi iliyofuata, kuwaondoa nguruwe. Mababu walikuwa na karne nyingi za kuzoea mlango kufungwa. Zoe iliufungua kwa mpigo mmoja.

Watu walijaribu kuuziba kwa mikono, kwa mawe na magogo, na bahari ikauzibua tena. Kazi ilizidi nguvu za kisiwa, na ndipo ulipojitokeza msaada wa aina ambayo si ya serikali wala ya mashirika makubwa. Mabaharia wa majahazi madogo ya matanga, waliowahi kutia nanga Tikopia miaka iliyopita na kupokewa vizuri, walianza kuandikiana, kukusanya fedha, na kusafirisha vifaa. Mwaka 2006 ukuta ulijengwa kwa vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, Watikopia wenyewe wakibeba na kujaza, na mlango ukafungwa.

Naona kazi ile inastahili heshima kuliko inavyopata. Haikuwa hisani ya mtu mkubwa kwa mtu mdogo. Mabaharia wale walikuwa wamepokewa kisiwani na walijua wanamjengea nani. Na kazi iligawanywa: wageni wakaleta waya na hesabu ya ukuta, wenyeji wakaleta mawe, mikono, na utaratibu wa nani afanye nini siku gani, ambao hakuna mhandisi wa nje angeweza kuupanga kwa watu wa koo nne.

Lakini waya ndani ya maji ya chumvi huliwa na kutu, na mchanga wa pwani haukai ulivyowekwa. Ukuta wa Te Roto unahitaji kukaguliwa, kuongezewa mawe na kubadilishiwa waya kila baada ya miaka, na waya hauoti kisiwani. Bahari nayo inapanda. Mambo mengine yote yaliyowaokoa Watikopia, mwamba wa kujificha, shimo la masi, mwiko wa ariki juu ya nazi, wanaweza kuyatunza wenyewe. Hili moja linahitaji meli ya kutoka Honiara inayofika kwa ratiba, na fungu la fedha linaloandikwa kwenye bajeti ya nchi kabla ya kimbunga, si baada yake.